Parsele iko Goma, mwenyewe yuko Bulaya: karatasi imeandikwa jina la nani?

Katika mitaa ya Goma, Bukavu, Butembo na Uvira, nyumba nyingi zimepanda kwa feza ya watu wasiolala ndani yake. Mtoto wa familia anatumika kiwandani Marekani, anatunza wazee Ubelgiji, ao anaendesha lori Kanada. Kila mwezi anatuma kitu nyumbani, na kitu hicho kinageuka msingi, kisha ukuta, kisha manjanja. Wakati ugomvi unazuka, swali la kwanza katika familia ni lile lile: feza ilienda wapi? Swali lenye uzito zaidi, ambalo wachache wanaliuliza mapema, ni lingine: karatasi ya parsele iliandikwa jina la nani?

Tangu mwanzo wa mwaka 2025 swali hilo limekuwa gumu zaidi. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa mwezi wa kwanza, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, benki zikafunga milango, na watu wa nje wakabaki kutuma msaada kwa simu ao kupitia miji ya jirani ya Rwanda. Mwenye nyumba aliyezoea kuja mwezi wa nane ao wa kumi na mbili kuangalia kazi, sasa anaangalia picha katika WhatsApp.

Mara nyingi mambo haya yanasimuliwa kama hadithi ya ndugu mwizi. Ndugu mwizi yuko, na hatakosekana. Lakini kumlaumu yeye peke yake kunaficha jambo moja: sheria za Kongo zenyewe zinamsukuma mtu wa nje ajifiche nyuma ya jina la mtu mwingine, na kisha zinamlinda yule ambaye jina lake limeandikwa. Kwa hiyo hata familia yenye upendo na uaminifu inaweza kufika mbele ya tribinali.

Udongo ni wa Leta, haki ni ya cheti

Msingi wa mambo yote ni sheria nambari 73-021 ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, iliyobadilishwa mwaka 1980. Kifungu chake cha 53 kinasema kwamba udongo ni mali ya Leta peke yake, mali isiyouzwa na isiyopotea kwa kupita kwa wakati. Raia hanunui udongo wenyewe. Anapewa haki ya kuutumia, inayoitwa konsesio, na anamiliki kile alichojenga juu yake.

Konsesio ziko za aina mbili. Ya kwanza ni konsesio ya milele. Hiyo inapewa mtu binafsi mwenye uraia wa Kongo, na inaweza kupita kwa watoto wake. Ya pili ni konsesio ya kawaida, ambayo kwa kanuni haipiti miaka 25 lakini inaweza kurudiliwa. Hiyo ndiyo njia ya wageni na ya makampuni.

Haki hiyo haisimami kisheria bila cheti cha uandikishaji, kile ambacho watu wanakiita tu « certificat ». Ndivyo kifungu cha 219 kinavyosema. Hapa ndipo wengi wanapotea. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na muuzaji, mashahidi wawili na chefu wa mtaa inaonyesha kwamba feza ilitolewa. Haionyeshi kwamba mnunuzi amekuwa mwenye haki mbele ya sheria. Kati ya karatasi hiyo na cheti kuna njia ndefu: jeometri kupima na kuweka mipaka, mkataba wa kukodi usiopita miaka 3, ripoti inayothibitisha kwamba parsele imejengwa ao imetumiwa, mkataba wa konsesio, na mwishowe cheti chenyewe. Watu wengi wanasimama katikati kwa sababu ya gharama na ya kuzungushwa ofisini. Yule aliye mbali anasimama mapema zaidi, kwa sababu anaomba habari kwa simu na anajibiwa kwamba « mambo yanaendelea ».

Kifungu cha 227 ndicho kila mtu wa nje angepaswa kukijua kwa moyo. Kinasema kwamba cheti kinaaminiwa kabisa. Kama kilipatikana kwa kosa ao kwa udanganyifu, mwenye kuonewa ana miaka 2 ya kuomba kifutwe. Muda huo ukipita, haki iliyoandikwa haishambuliwi tena. Anayelia anaweza kudai malipo ya hasara tu.

Kwa mtu anayeishi mtaani, miaka 2 inaweza kutosha. Anaona jeometri akija na mita yake, anasikia majirani wakinongona. Kwa mtu aliye Ohio ao Norway, anayengoja hati za kukaa ili aweze kusafiri, miaka 2 inapita kabla hajajua kwamba kuna cheti. Siku anaposhuka kwenye parsele yake, avoka anamweleza kwamba hawezi tena kupigania nyumba, bali feza, na feza hiyo ataidai kwa mtu ambaye labda hana kitu.

Ndugu mwaminifu naye anakufa

Kwa nini basi watu wanakubali kuandika jina la mwingine? Sababu ya kwanza ni urahisi. Muuzaji yuko hapa, komisioneri yuko hapa, ofisi iko hapa. Yule wa Bulaya hayuko. Kuandika prokirasio, kuipeleka kwa notari ao ubalozini na kuituma ni kazi ya wiki nyingi, na komisioneri anasema kuna mnunuzi mwingine anayengoja na dola mkononi. Sababu ya pili ni heshima. Kumwomba kaka ao baba mdogo asaini karatasi kunaonekana kama kumwambia: sikuamini.

Lakini hatari kubwa haiko siku zote katika roho mbaya. Chukua mfano wa mdogo wa mtu, mwaminifu, aliyesimamia kazi vizuri na kuandika parsele kwa jina lake kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Ameoa. Katika ndoa nyingi za Kongo, mali iliyopatikana wakati wa ndoa inahesabiwa kuwa ya mume na mke pamoja. Siku akifariki, Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inawaweka watoto wake katika kundi la kwanza la warithi. Mjane na watoto hawaibi kitu wanapobaki ndani ya nyumba. Wanaonyesha cheti chenye jina la baba yao. Yule wa Bulaya ndiye anayefika na maneno bila karatasi, akidai kuwafukuza mayatima wa ndugu yake. Hata akiwa na haki, mtaa wote utamwona mtu mbaya.

Kuna pia ile aina ya uuzaji ambayo kila mtu katika Kivu anaijua kwa jina lake la Kifaransa: stelionati, yaani kuuza nyumba ao parsele isiyo yako. Ni kosa la jinai, na kifungu cha 96 cha sheria ya adhabu kinaliwekea kifungo. Lakini mashtaka ya stelionati yanaomba kwanza kuonyesha kwamba muuzaji hakuwa mwenye mali. Kama karatasi zote ziko kwa jina lake, mashtaka yanaanguka mlangoni.

Paspoti inayofunga mlango

Sababu ya tatu inazungumzwa kwa sauti ndogo: uraia. Kifungu cha 10 cha Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja na hauchanganywi na mwingine. Sheria nambari 04/024 ya tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2004 ilikuwa imekwisha kusema hivyo, na kifungu chake cha 26 kinafafanua matokeo: Mkongomani anayepata uraia wa nchi nyingine anapoteza ule wa Kongo.

Kanuni hii inawagusa watu wa Kivu kwa namna ya pekee. Maelfu ya wakimbizi waliotoka Masisi, Rutshuru, Fizi, Uvira na Minembwe walipita kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali ao za Rwanda na Burundi, kisha wakapelekwa Marekani, Kanada, Australia na Ulaya. Katika mwaka wa bajeti 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16 000, na miaka iliyofuata Kongo ilikuwa mara nyingi ya kwanza katika orodha. Mkimbizi aliyefika wakati huo anaweza kuomba uraia wa Marekani baada ya miaka 5. Wengi wameuomba, na wana sababu: paspoti ya Marekani inawaruhusu kusafiri kuwaona wazazi, na inawalinda wasirudishwe kwa nguvu. Kwa watu waliokimbia vita, uraia mpya ni usalama kwanza.

Lakini siku ile ile anapoinua mkono kuapa, kwa sheria ya Kongo anakuwa mgeni. Konsesio ya milele ni ya Mkongomani. Mgeni anapaswa kupitia ile ya miaka 25. Watoto waliozaliwa huko na paspoti ya huko nao wanaingia katika swali hilo: watarithi nini siku mzazi hayupo?

Kwa mazoea, watu wanaishi na hali hiyo kwa kunyamaza. Wengi wana paspoti mbili mfukoni, moja ya kuonyesha huku na nyingine ya kuonyesha kule. Hatari inaanza siku ya ugomvi. Mpangaji asiyetaka kutoka, jirani aliyesogeza mpaka, shangazi anayedai sehemu yake, yeyote kati yao anaweza kumwambia hakimu: muulizeni kwanza kama yeye ni Mkongomani. Silaha hiyo haina gharama. Ndiyo maana watu wenye busara, baada ya kupata uraia wa nje, wanaona afadhali kuandika jina la mdogo aliyebaki. Wanakimbia hatari moja na kuingia katika nyingine.

Sheria ya 2004 inamruhusu aliyepoteza uraia wake wa asili kuurudilia. Lakini kwa kuwa uraia wa Kongo haukubali mwenzake, kurudi kunamaanisha kuacha ule mwingine. Kwa baba mwenye watoto shuleni na kazi huko ng'ambo, hilo haliwezekani.

Hofu iliyo na mizizi

Wanaodai uraia wa nchi mbili wanauliza kwa nini Kinshasa inakataa, wakati Rwanda, Burundi, Uganda na Kenya zinaukubali. Swali ni la haki. Lakini katika Kivu jibu lina historia yake, na kuipita si uaminifu.

Hapa uraia na udongo vimefungwa pamoja tangu zamani. Sheria ya mwezi wa kwanza 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 ikaufuta uamuzi huo. Katikati, mashamba yalikuwa yamenunuliwa, hasa katika Masisi na Rutshuru, na cheti kikawa kitu kinachoweza kuulizwa kila mara siasa inapobadilika. Ugomvi huo ulikuwa moja ya mizizi ya mapigano ya miaka ya 1990, na sheria ya 2004 ilikuwa na kusudi la kuuzima.

Kwa hiyo, mtu wa kijijini anaposikia « uraia wa nchi mbili », hafikirii mtoto wa jirani aliye Texas. Anafikiria wageni wenye feza watakaonunua vilima. Hofu hiyo inatumiwa na wanasiasa, lakini hawakuianzisha wao. Pendekezo lolote lisiloijibu litakwama tena, sawa na mengine yaliyozungumzwa tangu Bunge la 2007, ambamo wabunge wenyewe walijikuta wakiulizwa juu ya paspoti zao.

Kuna njia ya katikati. Ethiopia, ambayo haikubali uraia wa nchi mbili, ilianzisha kadi ya asili kwa watu wake walio nje. India ilifanya vile vile. Tanzania, inayokataa pia uraia pacha, imechagua njia ya hadhi maalum kwa diaspora yake. Wazo ni moja: mtu aliyezaliwa Mkongomani, ambaye mzazi wake anajulikana na kijiji chake kinajulikana, angeweza kutunza parsele ya familia na kuirithisha bila kupiga kura wala kugombea kiti. Hofu ya vilima kununuliwa na wageni ingebaki na jibu lake, maana kadi hiyo ingeomba uthibitisho wa asili, si feza. Tume ya Taifa ya Mageuzi ya Ardhi, CONAREF, iliundwa mwaka 2013 ili kufikiri juu ya mambo ya namna hii. Suala la walio nje linastahili nafasi katika kazi yake.

Muhuri wa nani?

Vita vimeongeza tatizo ambalo hakuna familia inayoweza kulimaliza peke yake. Cheti anachotunza mwenye nyumba ni nakala. Ukurasa wa asili uko katika kitabu cha ofisi ya hati za ardhi. Kitabu kikichomwa, kikihamishwa ao kikiongezwa kurasa, mwenye nakala anabaki akijitetea. Na katika miji iliyo mikononi mwa AFC/M23, wanaoongoza ofisi wamewekwa na watu ambao Kinshasa haiwatambui. Anayesaini mauzo leo Goma ao Bukavu anapaswa kujiuliza saini hiyo itakuwa na uzito gani kesho, siku utawala utakaporudi ao makubaliano yatakaposainiwa. Anayekataa kusaini naye anajiuliza kama parsele yake haitapewa mwingine wakati yeye hayupo.

Walioacha mashamba vijijini wako katika hali mbaya zaidi. Shamba la kimila la Masisi ao Kalehe halina cheti. Sheria ya 1973, katika kifungu cha 389, iliahidi kwamba Rais wa nchi angeeleza kwa amri haki za watu juu ya udongo wa kimila. Amri hiyo haikutoka. Ushahidi wa shamba ni kumbukumbu ya chefu na ya majirani. Na majirani nao wamehama.

Hata mjini, mipaka inaweza kutoweka bila mwizi. Lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya katikati ya Goma mwezi wa kwanza 2002, na mwezi wa tano 2021 ilifika mitaa ya pembeni upande wa Buhene. Pale alama za jeometri zilipozama chini ya jiwe, aliyekuwepo alionyesha kwa kidole parsele yake ilipokuwa. Asiyekuwepo alionyeshewa.

Yanayoweza kufanywa sasa

Kungoja sheria mpya si mpango. Kuna mambo ambayo mtu wa nje anaweza kufanya hata leo, mengine bila gharama kubwa.

La kwanza ni kuandika jina lake mwenyewe tangu karatasi ya mauzo, na kumpa ndugu prokirasio maalum, si ya jumla. Prokirasio maalum inasema: unaweza kujenga, kupokea kodi ya nyumba, kulipa ushuru, huwezi kuuza wala kuweka rehani. Ikumbukwe pia kwamba prokirasio inakufa pamoja na aliyeitoa ao aliyeipewa. Inapaswa kutazamwa upya kila baada ya muda.

La pili, kama jina la ndugu limekwisha kuandikwa, ni kutengeneza karatasi ya kukiri kati yao wawili, mbele ya notari, na mke ao mume wa ndugu akisaini pia. Karatasi hiyo haishindi cheti. Lakini ikiwekwa pamoja na risiti za feza zilizotumwa, inageuza maneno kuwa deni linaloonekana, na inawafahamisha watoto wa ndugu mapema kwamba nyumba ina mwenyewe.

La tatu ni kuhesabu ile miaka 2. Kila mwaka mtu anaweza kumtuma avoka, asiye wa familia, kuuliza ofisini parsele imeandikwa jina la nani. Bei ya ziara hiyo ni ndogo kuliko bei ya mifuko ya sima inayoliwa na kesi.

La nne ni kugawanya kazi. Anayenunua vifaa asiwe yule yule anayepokea feza, na anayetoa habari asiwe fundi mwenyewe. Hata sentineli anayelala kwenye parsele aandikiwe mkataba wake, maana sentineli wa miaka 10 asiye na mkataba anaweza kufika kusema alipewa mahali pale.

La tano, wakati huu wa mamlaka mbili, ni kutofanya haraka. Kutunza kilichopo, kupiga picha za karatasi zote, kuweka nakala nje ya mji na nje ya nchi, kuacha nyumba ikaliwe na mtu anayejulikana: hayo yanafaa kuliko kukimbilia kuuza ao kubadilisha hati.

Kilichobaki ni cha Leta. Nchi inayowaomba watoto wake walio nje waje kujenga haiwezi, siku ya kesi, kuwaambia kwamba wao ni wageni. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 34, inasema mali ya mtu ni takatifu. Kwa mama aliyefua mashuka ya hoteli kwa miaka 12 ili watoto wake wawe na mahali pa kurudi, neno hilo litakuwa na maana siku atakapoweza kuandika jina lake kwenye karatasi bila kuogopa paspoti iliyo mfukoni.